Munyu wa Kibera, Kunde za Kabiro

Wapishi wenzangu waliniaga kwa kunipa kiti cha kunesa ambacho hakipiti mlangoni kwangu, pamoja na ombi: niandike jinsi tulivyokuwa tukipika miaka ya tisini, kabla jikoni hakujaletwa gesi na kabla majani ya managu hayajaanza kuuzwa kwenye maduka makubwa yakiwa yamefungwa kwenye nailoni kama dawa ya hospitali. Kiti nimekiweka uani na kinanyeshewa. Ombi nalitimiza hapa. Vyeo nitaviruka, kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara nitauruka kwa heshima ya mke wangu, ambaye ndiye aliyelazimika kuutumia.

Nilizaliwa Taita, nikasomea lishe chuo kikuu, nikahitimu nikiwa na uwezo wa kueleza kwa undani yale yanayoipata karoti tumboni mwa binadamu. Kuipika karoti yenyewe nilikuwa najua kwa kukisia. Kanisa moja dogo lililokuwa likiendesha shule ya nasari Kibera, upande unaopakana na Ayany, lilikuwa linatafuta msimamizi wa chakula. Tulioomba tulikuwa wawili, mwenzangu akapata kazi benki, nami nikachaguliwa kwa kishindo.

Siku ya kwanza nilivaa tai. Jikoni nilimkuta mpishi mkuu, Mama Nafula, mwanamke wa Bungoma aliyekuwa akipanga chumba kijiji cha Raila, humohumo Kibera, amepiga magoti mbele ya debe la bati. Aliniuliza kama mimi ndiye yule mtu wa digrii. Nikasema ndiye. Akanipa gongo la mti na kuniambia nishindilie.

Nyinyi mnaowasha gesi kwa kiberiti kimoja, jiko la maranda hamkulijua, kwa hiyo nieleze. Maranda ya mbao tulikuwa tunayachota kwa maseremala wa Barabara ya Ngong, ambao walishukuru kuondolewa takataka. Unalitoboa debe ubavuni, chini. Unasimamisha chupa katikati, unapitisha fimbo nene kwenye lile tundu mpaka iguse chupa, kisha unamwaga maranda kuzunguka na kuyashindilia mpaka yawe magumu kama ukuta. Ukichomoa chupa na fimbo, unabaki na njia ya hewa. Unawasha kwa chini, na jiko hilo litakuivishia githeri, mahindi na maharagwe, bila wewe kurudi kupuliza. Siri iko kwenye kushindilia. Mimi nilishindilia kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi ugenini. Nilipochomoa chupa, ukuta wote ukaporomoka ndani.

"Digrii imezima," Mama Nafula akawatangazia wapishi wenzake, na akanionyesha tena. Debe la tatu lilisimama. Jioni nilirudi nyumbani na maranda kwenye tai. Sikuivaa tena mpaka harusi yangu.

Waliniita Bwana Lishe, na jina hilo nimestaafu nalo. Kazi yangu kwenye makaratasi ilikuwa kupanga mlo wa wiki. Kwa kweli soko ndilo lililopanga. Tulikuwa na kanuni moja, na bado naiona kuwa bora kuliko vitabu vyangu vingi: pika kilichojaa sokoni, kwa sababu kilichojaa ndicho kilichokomaa, na kilichokomaa hakihitaji kubembelezwa. Mvua ikishika, soko la Toi lilijaa terere, yaani mchicha, na managu mpaka wauzaji wakakuongezea fungu bila kuombwa. Saga, jani jingine la kienyeji, ilikuja kutoka Kisii, chungu kama ukweli, nasi tuliichanganya na kunde ili kuipoza. Mbaazi mbichi zilifika katikati ya mwaka kutoka Ukambani. Viazi vitamu vilikuja wakati wa baridi, watoto wakavishika mikononi kwanza vipate kuwapasha joto, ndipo wavile.

Malkia wa jiko lile alikuwa mrenda, mboga ya majani inayoteleza, na mrenda hauendi popote bila munyu. Munyu wa Mama Nafula haukuwa chumvi ya dukani. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, akatia jivu kwenye mkebe uliotobolewa kitako na kutandikwa nyasi ndani, akamimina maji polepole. Chini yalidondoka maji ya rangi ya chai ya mkopo. Kijiko kimoja kwenye sufuria kilitosha kulainisha jani gumu na kutoa uchungu. Vijiko viwili, na ulimi ulilala mpaka kesho yake. Maganda aliletewa kutoka kwa wakwe zake, na yalipochelewa alitumia munyu kwa matone, akiwa amenuna.

Tatizo letu halikuwa mboga. Lilikuwa watoto. Wazazi wao walitoka Bungoma, Siaya na Vihiga, lakini wao walizaliwa hapahapa, na walichokijua ni mkate, mandazi na chipsi za karatasi. Kulikuwa na binti mmoja, Achieng, aliyeweza kuweka tonge la mrenda shavuni tangu saa saba mpaka kengele ya kwenda nyumbani, akalitema getini likiwa zima. Nilimwandalia mazungumzo kuhusu damu na macho. Alinisikiliza kwa makini, shavu likiwa limejaa. Mama Nafula akachukua njia nyingine: akaacha kumpakulia pamoja na wenzake, akamwita aketi na wapishi baada ya zamu, ale kutoka sinia letu. Hakuna aliyemtazama wala kumsifu. Tulizungumza mambo yetu, hasa kuwateta majirani, naye akamega ugali na kuchovya ili asikose utamu wa habari. Mama Nafula alinieleza baadaye kwamba mtoto hali mboga, anakula na watu. Nimeitumia sentensi hiyo kwenye mikutano mingi na mara nyingine nimesahau kusema ni ya nani.

Kanisa lilipofungua jiko la pili Kawangware, mtaa wa Kabiro, nilipewa yote mawili. Mpishi wa huko alikuwa Mwikali, mwenyeji wa Kitui, mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho ya kupima. Aliyapika yale ambayo kwao hukua kwa mvua kidogo: muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa yakavuliwa ganda, pamoja na ndengu na kunde. Kinu chake kilitoka kijijini kwao kikiwa kimekaa kwenye kiti cha basi kama abiria, na alisema kililipiwa.

Mwikali ndiye aliyenionyesha jambo ambalo Kibera hawakulifanya. Majani ya kunde yalipojaa sokoni baada ya mvua za Novemba, hakuyapika yote. Mengi aliyachovya kwenye maji ya moto, akayaanika juu ya mabati mpaka yakakauka, akayafunga kwenye magunia ya kusubiri kiangazi. Nilimwambia kwamba jua kali linaua kile tunachokitafuta ndani ya jani, na kwamba ingefaa aanike kivulini penye upepo. Akasema kwao kivuli ni cha kulala. Tukaanika kwa njia mbili, yake juu ya bati na yangu chini ya turubai. Za bati zikageuka rangi ya karatasi ya zamani. Za kivulini zikabaki kijani, na zilipopikwa zilinukia kama zimechumwa jana.

"Kumbe shule inaanika," Mwikali akasema, na kuanzia siku hiyo turubai likawa mali ya jikoni. Naiandika kwa sababu ni mara moja kati ya chache ambazo digrii ilifanya kazi siku ileile.

Sasa nifikie kiangazi nilichokusudia kukisimulia. Mwaka huo mvua za Novemba zilinyesha kama mtu anayekumbuka deni kisha akajisahaulisha. Mwikali aliwahi kukausha kunde za mwanzo, lakini kufikia mwisho wa Januari mboga za majani zilikuwa chache Toi na ghali Kawangware. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya chakula, Mzee Ombati, akaja na habari kwamba kuna wafadhili walio tayari kutuletea unga wa uji uliochanganywa tayari, wa kutosha mwaka mzima.

Mzee Ombati hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kusikia kila Jumatatu kwamba hiki hakuna na kile hakijaiva. "Unga hauna msimu," alituambia. "Unakoroga, unapakua, mmemaliza." Kwa hesabu yake jiko moja lingehitaji mtu mmoja, wengine wakatafute kazi nyingine, na fedha za soko zikanunue madawati. Nilizungumza kirefu juu ya lishe. Nilipomaliza, kamati ilikuwa imeangalia saa.

Mama Nafula alisimama akiwa bado na aproni. Alisema yeye si mkorogaji. Alisema kuna watoto pale Raila ambao hawajawahi kuiona Bungoma na huenda wasiione, na kitu pekee cha kwao walichowahi kukigusa kwa ulimi ni mrenda wa jikoni mwake. Akawaomba wangoje mvua za masika. Mzee Ombati alifikiri, kisha akatoa masharti: mboga sahanini kila siku ya shule mpaka mvua ifike, jiko la Kibera na la Kabiro pia. Siku ikikosekana, unga unachukua nafasi. Na kwa kuwa alikuwa anatufahamu, akaongeza kwamba anasema mboga ya majani, tusije tukamletea ndengu na maneno matamu.

Februari ile tulipika kama watu wanaofukuzwa. Sukuma wiki ilikuwepo, lakini jani dogo na gumu, ukilipata. Tulipika majani ya maboga kutoka kwenye ua wa mama mmoja wa Ayany ambaye alikuwa hajui yanalika. Tulipika majani ya kunde yaliyonyaukia njiani, tukayafufua kwenye maji. Wapishi wengine walipendekeza terere linaloota kwenye mitaro, na Mama Nafula akawauliza kama wanataka kulisha watoto au kuwazika. Jioni nilipita kwa wauzaji kuuliza nani anategemea mzigo kesho yake, na asubuhi nilikuwa pale kabla hawajautua. Hakuna siku iliyokosekana. Kisha sokoni kukabaki vitunguu na nyanya peke yake, na mboga pekee ya majani niliyojua ilipo ilikuwa kwenye magunia ya Mwikali.

Hapa ilibidi nibebe ujumbe, kazi ambayo chuo kikuu hakikunifundisha. Mama Nafula aliposikia mboga iliyokaushwa, alisema kwao nyasi kavu ni ya ng'ombe. Nilipofika Kabiro, Mwikali akaniuliza mwenzake amesemaje, nami, kwa kuwa nilikuwa kijana mkweli, nikamwambia. Hakupandisha sauti.

"Mwambie ng'ombe wa Kitui hawajawahi kupata bahati hiyo," akasema, akanifungia gunia. Nikamuuliza zinapikwaje. Akanijibu kwamba mpishi hafundishwi kuchemsha.

Mama Nafula naye hakuniuliza kitu. Alifungua gunia, akasugua jani moja kati ya vidole, akaliona gumu. Kwao jani gumu lina dawa moja, na siku hiyo hakutumia matone. Alimimina munyu wote uliobaki, kwa mkono wa mtu anayetaka kumshinda mtu ambaye hayupo. Sufuria ikaanza kutoa povu. Nilidhani ndivyo zinavyochemka zilizokaushwa. Wapishi wengine walidhani Mama Nafula anajua, na Mama Nafula alidhani Mwikali ndiye aliyeharibu.

Watoto walionja na kutazamana. Rangi ilikuwa nzuri kupita kiasi, kijani cha ukuta wa ofisi ya chifu. Harufu ilikuwa ya siku ya kufua. "Madhe, hii si ni sabuni?" mmoja akamuuliza Mama Nafula, na mwenzake akataka kujua kama leo wanaoshwa tumbo. Mbwa wa bawabu alinusa, akaenda zake. Mjukuu wa Mzee Ombati alisoma pale pale, kwa hiyo habari ilifika kwa mwenyekiti kabla hatujaosha sahani.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikwenda Kabiro kwa miguu, nikamwambia Mwikali kwamba kesho yake atakuja Kibera au Jumatatu hatutakuwa na jiko, si la kule wala la kwake. Nadhani ndiyo amri pekee niliyowahi kuitoa kwa sauti ya amri. Jumamosi asubuhi alifika, amejifunga leso kiunoni, na kinu hakuwa nacho, jambo nililolichukua kama ishara ya amani. Alichovya kidole kwenye mabaki, akaonja, akatema pembeni.

"Uliweka nini humu?"

"Munyu," Mama Nafula akasema. "Kwani kwenu hamlainishi?"

"Tunalainisha. Mimi niliyachovya na magadi kabla ya kuanika."

Hata mimi nilielewa: jani lile lilikuwa limeshatiwa dawa ya Kitui, nalo likaongezewa dawa ya Bungoma juu yake.

"Hukusema," Mama Nafula akamwambia.

"Hukuuliza. Uliniita ng'ombe."

"Nilisema nyasi ni ya ng'ombe. Wewe sikukutaja, dada."

Mwikali alijaribu kuendelea kukasirika na ikamshinda. Alicheka kwa pua, akavuta kiti kifupi, akaomba beseni. Kunde kavu zilizobaki guniani wakaziloweka kwenye maji ya vuguvugu, wakamwaga maji, wakaloweka tena mpaka maji yakatoka safi. Hawakutia munyu wala magadi. Wakakaanga vitunguu na nyanya, wakatia kunde, halafu wakabishana kuhusu cha kumalizia: Mama Nafula alitaka maziwa, Mwikali njugu za kusaga. Walitia njugu, kwa sababu maziwa hayakuwepo, na Mama Nafula akasisitiza iandikwe kwamba si kwa sababu ameshindwa. Nimeiandika.

Walipokuwa wakionja, Mama Nafula akasema kwamba hata hivyo munyu umekwisha, na maganda ya maharagwe hayajatoka nyumbani. Mwikali akashangaa. Wanawake wa Ukambani walikuwa wakipura maharagwe na kunde nyuma ya soko la Kawangware, akasema, na maganda yakachomwa kama takataka kila jioni. "Hayo ndiyo unangojea basi lilete?" Mama Nafula alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa kisima nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kuanzia wiki ile mkokoteni ulienda Kabiro na chupa za munyu, ukarudi Kibera na maganda na kunde kavu, ambazo Mwikali sasa aliziosha magadi yakatoka, akazianika upya na kuziwekea alama ya uzi mwekundu.

Jumatatu watoto walizikabili sahani kwa tahadhari, wakinusa kwanza kama yule mbwa. Kisha wakala. Hawakushangilia. Watoto wa nasari hawashangilii kunde. Walikula, wakafuta sahani kwa ugali, wakakimbia nje, na Mama Nafula akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Magunia ya uzi mwekundu yalitufikisha kwenye masika. Mvua iliponyesha kwa siku kadhaa mfululizo, kamati ikaketi chini ya bati lililopiga kelele mpaka tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Mzee Ombati alitambua juhudi zetu. Kisha akaitaja Ijumaa ile. Makubaliano ni makubaliano, alisema, na siku hiyo watoto walirudi nyumbani na njaa. Nilisimama nikiwa nimejiandaa na nadharia tatu. Mama Nafula akanishika shati, nikaketi.

"Mwenyekiti, siku hiyo mboga ilikuwa kwa sahani," akasema. "Ilikuwa mbaya. Nimepika miaka mingi na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na tuliorekebisha ni sisi, mimi na huyu mwenzangu Mwikali, bila kuitiwa kamati. Sasa nikuulize. Huo uji wenu ukiungua siku moja, mtafunga jikoni pia?"

Mzee Ombati alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki hupata tabu wakiulizwa swali zuri. Aliwatazama wanakamati, wakatazama meza. Hatimaye akasema mboga ziendelee, majiko yote mawili, wapishi wote wabaki. Lakini unga alikuwa ameshaukubali, na zawadi hairudishwi mlangoni. Utakuja, nasi tutaona jinsi.

Hilo "tutaona" lilinikosesha raha. Nimeshaona majiko mengi, kabla na baadaye, ambako kitu rahisi kiliingia kama mgeni na mwishowe kikalala kitandani. Unga ulifika wiki iliyofuata kwa lori. Vijana wakaanza kushusha magunia, na wa kwanza akaelekea kwenye ile kona ya majiko ya maranda, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nafasi. Sufuria ya terere ilikuwa motoni hapo. Mzee Ombati alikuwa amesimama mlangoni akihakikisha, na kijana akamuuliza yeye aweke wapi, ahamishe haya madebe?

Mama Nafula ndiye aliyejibu, bila kuacha kugeuza mboga.

"Madebe hayaguswi. Peleka kule kwa rafu ya juu, mbali na moshi." Kisha, kwa kuwa kijana bado alimtazama mwenyekiti, akaweka mwiko juu ya mfuniko na kumgeukia. "Uji ni wa saa nne. Saa saba hapa tunakula."

Mzee Ombati akasogea kando ili gunia lipite kwenda kwenye rafu.